Kibao Shingoni mwa Mama

Viongozi wa makanisa ya mtaani kwetu wana semina mwezi ujao, na wameniomba niwaeleze namna kiongozi Mkristo anavyoweza kuwaunganisha watu wake. Aliyeniletea mwaliko alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Akaniambia, "Dada, ongea tu vile ulipitia. Kitu ya kujenga." Nikamwonea huruma. Mimi sina kitu cha kujenga. Nina kipande cha ubao chenye uzi, na hasira ambayo sijaimaliza. Lakini nilikubali, maana nikikataa watamwita mtu wa kuwasifu.

Kanisa letu lilikuwa mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, la mabati juu na mawe chini, ukuta mmoja umeegemeana na karakana ya mafundi wa jua kali wanaogonga masanduku ya bati. Jumapili hawakugonga, siku nyingine zote mliomba kwa kupigiana kelele. Nusu ya washirika walitoka mkoa wa Kati, kwa Wakikuyu, wengi wakiwa wachuuzi wa soko la Gikomba na mafundi cherehani. Nusu nyingine tulitoka mkoa wa Magharibi, watu wa reli, wa baraza la jiji, makarani. Baba yangu alikuwa amestaafu reli na bado alivaa koti lao kila asubuhi ya baridi, kana kwamba kuna treni inayomngoja.

Zamani watu walikaa kanisani walivyofika. Baada ya uchaguzi mmoja, ule uliotuacha tukitazamana vibaya kwenye foleni ya maji, kukatokea upande wa dirishani na upande wa mlangoni. Hakuna aliyetangaza. Hata watoto wa shule ya Jumapili walijua waende wapi. Akina mama, ambao zamani walipika chai ya baada ya ibada kwenye sufuria moja, wakaanza kupika sufuria mbili, majani yale yale, maziwa yale yale, na kila upande ukisema chai ya wale wengine haina sukari.

Hapo ndipo tulipoletewa mchungaji mpya. Alikuwa mtu wa Kati, na kabla ya kuitwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nitakuwa mkweli juu yake hata kama inaniuma: zile sufuria mbili zilimuumiza kweli. Aliziona Jumapili yake ya kwanza akashindwa kunywa kutoka yoyote. Jumapili ya pili alipanda madhabahuni, akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kipande cha ubao kilichotobolewa na kupitishwa uzi.

Watu wazima wote walikijua kabla hajafungua mdomo. Shuleni ndicho kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akiongea lugha ya kwao. Ulikaa nacho mpaka umnase mwenzako akiongea ya kwao, umvike yeye. Jioni aliyebaki nacho alichapwa. Sasa mzee mzima alikuwa anatuletea kile kile mbele ya meza ya Bwana.

"Kuanzia leo," akasema, "ndani ya ua hili na popote kanisa linapokutana, hata nyumbani kwa mtu, tuna lugha moja. Atakayesikika akiongea lugha ya kabila atavaa kibao hiki. Atakayekuwa nacho hataongoza, hataimba na kwaya, atasimama mlangoni ibada nzima, na Jumamosi atafagia kanisa. Na hakivuliwi mpaka kipate mwingine."

Mzee mmoja akauliza kama wagonjwa na wafiwa wana ruhusa. Mchungaji akatikisa kichwa. Alisema sheria ukiipa mlango mmoja, ukabila utapitia hapo hapo. Tukasema amina. Tulikuwa tunasema amina kwa kila kitu.

Mwanzoni kilituunganisha, na hili nitawaambia waziwazi kwenye semina yao. Wa kwanza kukivaa alikuwa mzee wa kanisa, tajiri, suti ya vipande vitatu, aliyegonga goti kwenye benchi akalia kwa Kikuyu kama mtoto. Kanisa zima likacheka, dirishani na mlangoni. Mchungaji akacheka mpaka akapangusa macho. "Mmeona?" akasema. "Leo mmecheka pamoja." Na ilikuwa kweli.

Kisha tukaanza kuwindana. Aliyekuwa na kibao alikukanyaga kidole cha mguu ukiwa na viatu vya wazi, akangoja utakavyolia. Wengine walisimama nyuma yako ukiongea na nyanya yako kwenye simu. Kikongwe mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe kutoka kijijini alimsalimia Mungu kwa lugha pekee aliyokuwa nayo, na kabla hajaketi alikuwa amevikwa. Akadhani ni zawadi. Akashukuru, akakishika kifuani ibada nzima kule mlangoni, na watu wakacheka tena pamoja.

Sisi vijana ndio tuliofurahia zaidi. "Niaje, leo nani ako na mbao?" ndiyo ilikuwa salamu yetu langoni. Hatukuwa na wasiwasi wowote. Tulizaliwa mtaani, tuliongea Sheng, na Sheng haikuhesabiwa kuwa lugha ya mtu. Mama alikuwa akiniongelesha Kimaragoli nikiwa mdogo, nami nikimjibu kwa lugha ya mtaa mpaka akachoka. Hata ningetaka kukivaa kile kibao nisingeweza.

Kisha baba akaugua, na kwetu kuna jambo la kueleweka kuhusu kifo. Mume akifa, mke ndiye anayefungua kilio. Analia kwa sauti, mikono kichwani, anatembea huku na huku akimtaja marehemu: alivyomwoa, alivyokuwa mkali, alivyonunua ng'ombe wa kwanza. Analia kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa ndiyo lugha marehemu aliyoitikia. Watu hawawezi kuanza kabla yake. Mke asiyelia, wakwe huwa na jina lake, na si jina zuri.

Siku baba alipofariki mimi ndiye niliyetoka hospitalini na habari. Nilikuta sebule imejaa akina mama wa kanisa waliokuja kuomba. Karibu kabisa na mama alikuwa ameketi shemasi wetu, mama wa Kati anayeuza mapazia ya mitumba Gikomba, mwanamke wa mikono minene na sauti ya kupigia bei. Nilimwambia mama, "Ameenda." Mama akasimama. Mikono ikapanda kichwani. Akavuta pumzi ndefu, na mdomo ukafunguka.

Ndipo nikaona macho yake yakishuka kwenye shingo ya shemasi. Uzi ulikuwa umejitokeza kwenye kola ya sweta. Alikuwa na kibao tangu Jumapili.

Mama akaufunga mdomo. Alikuwa amefikiria, aliniambia baadaye, jeneza la mumewe likiwa mbele ya kanisa na yeye amesimamishwa kule mlangoni kama mtoto mtundu. Akashusha mikono, akasema kwa Kiswahili safi, "Bwana asifiwe." Kisha akaketi.

"Dada yangu," shemasi akasema, machozi yakimtoka, "una imani wewe."

Mpaka leo shemasi anaapa kwamba hakuja kuwinda. Kwao wanalia kimya kimya, anasema, na aliuona ule ukimya akauheshimu. Mimi simwamini, au siku nyingine namwamini halafu namchukia zaidi. Kwa maana hakuondoka. Kila siku ya matanga alifika mapema, akaosha vyombo, akamenya viazi, akapanga viti, na kibao kikicheza kifuani mwake kila akiinama. Huwezi kumfukuza mtu anayekuoshea sufuria.

Shangazi na baba mdogo walifika kutoka nyumbani kuuchukua mwili. Shangazi alianza kulia tangu barabarani, mtaa mzima ukatoka kwenye milango. Aliingia akimlilia kaka yake, akamkuta mama amekaa wima anamimina chai. Kilio kikamkatikia kooni. Akamwuliza mama jambo kwa Kimaragoli. Mama akamtazama shemasi aliyekuwa na taulo ya vyombo begani, akajibu kwa Kiswahili, "Karibu shemeji, pole na safari." Shangazi akamtazama baba mdogo. Sikuhitaji kujua Kimaragoli kuelewa mtazamo ule.

Kwenye ibada ya mazishi mchungaji akamalizia kazi. Alimwelekeza mama kwa mkono mbele ya jeneza, mbele ya wakwe waliokaa benchi la kwanza, akasema: "Tazameni mjane huyu. Hajapiga kelele hata mara moja. Hii ndiyo imani isiyo na kabila." Kanisa likapiga makofi. Baba mdogo hakupiga. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Utauliza mbona hakulia alipofika nyumbani Maragoli, mbali na Shauri Moyo. Nami nilimwuliza. Mchungaji na shemasi walikuwa kwenye basi letu, na kibao nacho, lakini haikuwa hiyo tena. Alisema walipoingia langoni alifungua mdomo akaitafuta sauti, na sauti ikawa haipo, imekaa ndani siku nyingi mno. Alitembea nyuma ya jeneza, macho makavu. Wanawake wa pale wakajifunika midomo kwa leso.

Baada ya kaburi kufunikwa baba mdogo alisimama, akasema kwa Kiswahili ili wageni wasikie: "Mke asiyemlilia mume wake hatumlazi kando yake. Mama, siku yako ikifika, wakuzike hao uliokuwa unaogopa kuwaudhi."

Kwa wasiojua, hilo ni jambo kubwa kuliko talaka. Mama alikuwa ameishi Nairobi miaka yote kama mtu anayengoja basi. Nyumba ya baraza haikuwa yake, mtaa haukuwa wake. Mahali pake palikuwa pale tu, upande wa kushoto wa baba, chini ya migomba, na sasa alikuwa amenyang'anywa mbele ya watu walioshika sahani.

Jumapili ya kwanza tuliporudi, mama alivaa gauni lake la kazi badala ya sare ya akina mama. Aliingia uani, akaenda moja kwa moja kwa shemasi, akamsalimia kwa Kimaragoli. Haikuwa salamu ya haraka. Aliuliza habari za nyumba, za watoto, za mapazia, kwa sauti ya kusikika mpaka Gikomba. Shemasi akashika uzi, akasita. Akamtazama mchungaji. Mchungaji, mwalimu hasa, akatikisa kichwa kukubali. Mama akainamisha shingo mwenyewe.

Akasimamishwa mlangoni. Wimbo wa kwanza ulipoanza, alipandisha mikono kichwani akafungua mdomo, na safari hii sauti ilikuwepo.

Sijui kuieleza. Alitembea varandani huku na huku akimwita baba, akimlaumu, akimsifu, akitaja reli na koti na mambo nisiyoyajua. Kwaya ikanyamaza. Mchungaji akashuka madhabahuni, akafika mlangoni, akasimama na mikono yake mitupu. Hakuwa na la kumfanya. Alishamvika kibao, na hakuwa na kibao cha pili. Mama alikuwa ameligundua jambo ambalo sote na akili zetu hatukuliona: mtu pekee aliyekuwa huru katika kanisa lile alikuwa yule aliyekivaa.

Na hakukivua. Watu walimjaribu, wakamwongelesha kila lugha makusudi ili awavike, kwa huruma au kwa ujinga. Aliwatazama tu. Alivaa kibao kile wiki baada ya wiki, akafagia kanisa kila Jumamosi, nami nikimbebea ndoo. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa nacho na hamwindi mtu, hakukuwa na wa kuogopwa. Wazee wakaanza kusalimiana kwa lugha zao uani, kwanza kwa kunong'ona. Watu wa Kati wakauliza wa Magharibi neno hili maana yake nini. Siku moja nikaona chai inachemka kwenye sufuria moja, na hakuna aliyesimama kulisemea hilo.

Mchungaji alikasirika. "Mama, unaharibu mpango," akamwambia.

"Si mpango ulikuwa umoja, Mchungaji? Angalia nje."

Hakuangalia.

Jumamosi moja wazee walikuwa na kikao mbele ya kanisa, sisi tukifagia nyuma. Simu ya mchungaji ikalia. Akasikiliza. Kisha ikatoka kooni mwake sauti ambayo sikudhani anayo. "Maitũ!" akalia kwa Kikuyu. "Maitũ wakwa!" Mama yake alikuwa amefariki. Wazee wote wakainamia Biblia zao kana kwamba kuna mstari umewapotea.

Mama akaegemeza ufagio ukutani. Niliomba, na sioni haya kuandika hivyo, niliomba kwa moyo wangu wote amvike. Nilitaka nimwone mlangoni. Mama akatembea katikati ya mabenchi polepole, akivua uzi shingoni. Mchungaji alimwona anakuja. Machozi yanatiririka, kamasi zinatiririka, na bado aliinamisha kichwa mwenyewe, kwa kuwa sheria ilikuwa yake. Mama akamvika, akakinyoosha kibao kikae sawa kifuani.

"Sasa lia," akamwambia. "Ukiwa nacho hakuna wa kukuwinda. Lia vile yeye angekusikia."

Alilia mpaka mafundi wa upande wa pili wakaacha kugonga. Mama alikaa naye benchi moja, hakumshika. Alipopunguza, kabla hata hajapangusa pua, mama akasema, "Ukishamzika wako, utaenda kwa wakwe zangu useme ni wewe ulinifunga mdomo." Ulikuwa ukatili, kumdai mtu hapo. Alichagua wakati wake vizuri.

Na alikwenda, hilo siwezi kumnyima. Alimzika mama yake, kisha akapanda gari peke yake mpaka Maragoli, kibao kikiwa shingoni. Alisimama mbele ya baba mdogo na ukoo, akasema kosa ni lake, mjane alimtii yeye. Walimsikiliza. Wakamchinjia kuku. Alipomaliza kula, baba mdogo akamwambia: "Asante kwa kusema ukweli, Mchungaji. Lakini mwanamke anayenyamaza kwa kipande cha mti, mume wake akiwa amelala hapo, huyo amekwisha kuwa wenu. Kaeni naye."

Mama alipoletewa jibu hilo alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Hakuulizia tena mahali pake chini ya migomba, na mimi nilijua kwamba hapo ndipo walipomzika hasa.

Mama alifariki mwaka jana. Tulimzika Lang'ata, kwenye makaburi ya jiji, kati ya watu asiowajua. Baba mdogo hakuja. Shangazi hakuja. Kanisa lilikuja lote, na shemasi wa mapazia alilia kwa sauti, kwa Kikuyu, mikono kichwani, akiiga alichoona varandani siku ile. Sijamsamehe, lakini nilimwachia alie.

Mchungaji sasa ni mzee, mgongo umepinda. Alifungua Biblia ya Kimaragoli. Alikuwa amejifunza kuisoma, sijui kwa nani, na alisoma vibaya kabisa, akikwama, akirudia, akiyavunja maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Wazee wa Magharibi waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Jasho lilimtoka. Hakuhamia Kiswahili. Alisoma mpaka mwisho, kisha akakivua kibao shingoni mwake, alichokuwa amekivaa tangu ile Jumamosi, ingawa sheria ya mlangoni alikuwa ameiacha zamani, akanipa mimi na kurudi nyuma, kwa sababu sasa ilikuwa zamu yangu ya kulia, na mimi ndiye mtoto pekee.

Nilikivaa. Nikapandisha mikono kichwani. Nilitaka kumlilia mama vile angesikia, kwa lugha aliyonipa nikamrudishia. Watu wakangoja. Nikafungua mdomo, nikatafuta, na sikuwa na hata neno moja.